Sufuria ya presha ya umeme, lita 6: maoni ya nyanya aliyeapa haitumii

Nianze kwa kuungama. Sufuria hii niliitumia kwa siri Jumapili tatu mfululizo kabla ya watu wa nyumbani kujua.

Mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ni mume wangu tangu siku aliyozaliwa, aliinunua kwenye maduka ya Luthuli Avenue, mjini Nairobi, alipopata mshahara wake wa kwanza wa maana. Akaja nayo South B juu ya bodaboda, ameikumbatia kama bibi harusi. Nilimshukuru, kisha nikatangaza mbele ya mama yake, mkwe na watoto wote kwamba mbaazi zangu hazipikwi na kitu chenye namba. Mimi mzaliwa wa Mombasa. Mbaazi za nazi kwa mahamri si chakula cha kubonyeza.

Nyanya akishaapa mbele ya wajukuu, anarudije nyuma?

Kilichonishinda ni magoti. Mbaazi kavu za kununua madukani Nyamakima, hata uziroweke usiku kucha, hapa Nairobi zinataka saa mbili na ushei juu ya makaa, na kila mara uiname upepee. Miaka yote nilizilaumu mbaazi zenyewe, nikisema hizi za Makueni ni ngumu kuliko tulizokula utotoni. Mume wangu ndiye aliyenifungua macho. Mombasa maji huchemka yakifika digrii 100; huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye 94 na hayapandi tena, hata umalize gunia la makaa. Sufuria ya presha inauzuia mvuke usitoke, ndipo joto la ndani linapita 110. Kumbe nimewasingizia wakulima wa Makueni miaka arubaini.

Basi alfajiri moja, wote wamelala, nikaijaribu. Vikombe viwili vya mbaazi zilizolowa, maji ya kuzifunika na kuzidi kidogo, chumvi baadaye. Kifuniko unakizungusha mpaka kilie kaa! Ukibonyeza, usitarajie dakika zianze kuhesabiwa hapo hapo. Inajipasha kimya kama robo saa, kipini kidogo kinachomoza juu ya kifuniko, ndipo inaanza kuhesabu dakika 35 za kupika. Wauzaji wanaosema "nusu saa tu, mama" wanakula hiyo robo saa, na dakika za kutoa mvuke pia. Hesabu saa nzima. Lakini ni saa ambayo nimeswali, nimekanda mahamri na nimekaa.

Kutoa mvuke ndiko kulikonitia kiwewe. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya friji nikakisukuma kile kidude kwa mpini wa mwiko, nasoma kila dua niliyofundishwa. Ilipumua mpaka vioo vya dirisha vikaingia ukungu. Nilipofunua, mbaazi moja niliibonyeza kwa kidole ikalainika yote, na ganda lake halijapasuka. Nilisimama pale nikiitazama. Kwenye makaa sijawahi kuzipata zote zimeiva sawa hivyo. Daima kuna chache zinazogonga jino.

Sasa, ili kiapo kisivunjike, nikawa nawasha jiko dogo kwenye roshani, nabandika chungu cha maji matupu, napepea mpaka moshi uonekane. Wakianza kuamka nazihamishia mbaazi chunguni, natia tui jepesi, kisha kasimele, zinachemka mara moja na kuepuliwa. Jumapili ya pili nilijipaka na masizi kidogo shavuni. Mkwe wangu, mtu wa adabu sana, akalamba kidole akasema, "Mama, makaa yana ladha yake, huwezi kuidanganya."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Aliyenichongea ni yule wa miaka minne. Tunalala chumba kimoja, anaamka nami, na nilikuwa namfunga mdomo kwa hamri la kwanza kutoka karaini. Jumapili ya tatu mama yake akamuuliza mezani, kwa mchezo tu, "Nyanya hupika vipi mbaazi?" Mtoto akaweka hamri chini. Akasema, "Tii, tii, tii." Akajaza mashavu upepo, akautoa: "Shhhhhhhh!" Mume wangu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mkwe aliinamia sahani yake, na mpaka leo hajasema neno lingine kuhusu makaa.

Tangu hapo inakaa juu ya meza waziwazi, kwa hiyo naweza kuisema vizuri. Vitufe vyote ni Kiingereza, na kitabu chake kina herufi za kuchoma macho. Mjukuu wangu wa sekondari alikata vipande vya plasta akaandika juu ya kila kitufe: MAHARAGWE, SUPU, WALI. Kile cha kuzima ameandika TULIA NYANYA.

Binti yangu alihofia tokeni za stima. Nikavaa miwani nikasoma mita kabla na baada, friji tukiwa tumeizima: imekula uniti 0.4. Makaa ya kazi hiyo hiyo yalikuwa yanamaliza mkebe wa shilingi mia. Na stima ikipotea katikati, usifungue, iache. Ilitokea, na lile joto la ndani liliyamaliza maharagwe lenyewe.

Mabaya yapo. Usiijaze nafaka kupita nusu. Mimi nilipita, povu likatokea kwenye kidude cha mvuke likachora kabati mpaka juu. Tui usilitie humo kabisa, litakatika. Pilau inatoka laini kama ya mgonjwa, na chini hakuna ukoko, na nyumba yangu haina amani bila ukoko. Supu ya mifupa, hapo naitoa kofia ambayo sina.

Baya kuliko yote ni ule mpira wa kifuniko. Unashika harufu. Tulipika papa mkavu Ijumaa, nikauosha kwa sabuni, kwa ndimu, nikauanika juani. Jumamosi nikapika tambi za sukari na iliki. Zilinukia iliki, kisha papa. Watoto walisukuma sahani. Mkwe alikula zote na akasema ahsante. Nunua mpira wa pili mapema, mmoja wa samaki na mmoja wa vitu vya watu. Na utoke nyumbani na mpira wa zamani mkononi, maana wangu wa kwanza niliununua kwa kukisia, haukuingia.

Kwa mwenye magoti kama yangu, nasema nunua. Mume wangu sasa anahamia chumba chake Rongai, na juzi alikuja kuulizia sufuria, eti atapika nini kule peke yake. Nimemkumbusha kwamba anayeondoka ni yeye, si mimi. Mahari hayarudishwi.