HiAce ya mizigo au Noah: ipi ibebe watoto?

Kwa familia ya watu saba hapa Nairobi ningechukua Toyota Noah, gari la familia, ingawa moyo wangu uko kwa HiAce, van ya Toyota.

HiAce ya mizigo ina nafasi ya ajabu: toa viti vya nyuma Jumamosi, pakia magunia ya viazi kutoka soko la Marikiti. Shida ni kuigeuza iwe ya abiria. Bati likikatwa madirisha, kingo zisipopakwa rangi vizuri kutu huingia. Viti ndiyo roho ya jambo. Boliti zikishika bati tupu la sakafu, bila bamba nene la chuma chini yake, ajali ikitokea kiti hung'oka na mtoto wake. (Fundi akikwambia "hiyo haitoki", inama uangalie mwenyewe.) Kisha kuna ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, logibuku (hati ya umiliki) ya kubadilishwa, na bima isibaki ya biashara. Springi za nyuma nazo ziliundwa kwa mzigo. Gari likiwa tupu, kila tuta utalihisi mgongoni.

Noah? Viti na mikanda vimetoka kiwandani, na sakafu iko chini, nyanya anapanda bila kushikwa mkono. Viti vya mwisho hukunjwa ukutani. Ila watu wakijaa, magunia yatasubiri safari nyingine.