Gramu 16 za Ping G410 Plus

Kazi yangu ni kubalansi matairi, kwa hiyo mtu akiniambia gramu 16 ni kitu kidogo huwa nacheka. Gari inafika spidi 100, usukani unatetemeka. Unagonga kipande cha gramu 15 kwenye ringi, inatulia. Ndiyo maana nilipoiona dreva ya Ping G410 Plus, fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali, mtumba safi, nikatoa laki saba bila kubishana sana.

Ilitoka 2019, na ndiyo dreva ya kwanza ya Ping yenye uzito wa kuhamisha. Nyuma ya kichwa kuna kipande cha tangsteni cha gramu 16, kinakaa sehemu tatu: katikati, upande wa ncha, au upande wa kisigino, kule mpini wa fimbo unakoingilia. Ukikiweka kisigino, uso wa fimbo unajifunga kirahisi na mpira hauendi sana kulia. Ugonjwa wangu ndio huo, slaisi, mpira kupinda kulia.

Kasheshe ilikuwa spana. Muuzaji hakunipa, mimi kwa ujeuri wa fundi nikaingiza bisibisi ya gereji, nusura niile skrubu. Spana yake ikishakaza inavyotakiwa inalia "ka!", unaacha hapo hapo. Ukinunua ya mtumba, spana iwe mezani kabla hela haijatoka mfukoni.

Nilikwenda uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, nikachukua mipira 45, kumi na tano kwa kila sehemu. Kedi, yule anayenibebea fimbo, akawa anahesabu inayoishia kulia. Katikati, tisa. Kisigino, mitano, na hata hiyo iliangukia majani ya pembeni, haikupotelea porini. Ncha, kumi na mbili! "Mzee, rudisha hiyo tusije tukavunja kioo cha mtu."

Shingo ya fimbo nayo inageuzwa, kuongeza au kupunguza mwinuko wa uso kwa nyuzi hadi 1.5. Sijaigusa. Nikibadilisha vitu viwili kwa mpigo sitajua kipi kimenisaidia.

Sasa kuna rafiki yangu, yeye mipira yake inakimbilia kushoto. Aliazima dreva yangu siku moja, akairudisha imefutwa vizuri, inang'aa. Wiki iliyofuata, shimo la kwanza, mpira kulia, umepotea. Wa pili, kulia. Nikageuza fimbo kuitazama: kipande kiko upande wa ncha. Nikamwambia kedi akimbie kwenye gari alete spana.

"Hapana, mzee. Raundi imeshaanza."

Na ni kweli, sheria haikuruhusu kupiga na fimbo uliyoibadilisha makusudi katikati ya raundi. Nikairudisha dreva kwenye begi, mashimo 17 nikaanzia na fimbo ya chuma namba 5, na jioni rafiki yangu akalipia soda za watu wote.