Uzoefu wangu: nilivyoondoa swichi ya kawaida chumbani kwa mama na kuweka dima, Tanga

Mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alirudi nyumbani kwetu Ngamiani akiwa hawezi kabisa kuvumilia mwanga wa taa ya chumbani. Taa ikiwashwa alijifunika uso kwa mtandio, na ikizimwa alilazimika kupapasa ukuta usiku anapokwenda msalani, nasi tuliolala chumba cha pili hatukuwa na amani. Ndipo nilipoamua kuiondoa swichi ya kawaida na kuweka dima, yaani swichi yenye kifundo cha kuzungusha kama kile cha regulata ya feni, ambacho hupunguza na kuongeza mwanga wa taa. Sasa ni mwezi wa nane tangu kazi hiyo ikamilike, na ninaona nimeitumia vya kutosha kuweza kuieleza kwa haki, pamoja na kosa la mwanzo lililonigharimu fedha.

Dima ya kwanza niliinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini. Muuzaji aliitoa rafuni, akaifuta vumbi, akanipa risiti. Hakuniuliza natumia globu ya aina gani, nami sikujua kwamba hilo ndilo swali la kwanza linalopaswa kuulizwa. Juu ya kiboksi yaliandikwa maneno madogo kwamba dima hiyo ni ya wati 40 hadi 400. Niliyasoma nikadhani kikubwa ni kutozidi 400, kumbe mimi nilikuwa na tatizo upande wa pili, kwa kuwa globu yangu ilikuwa ya LED ya wati 9 tu.

Fundi alipoifunga na kuwasha, taa iliwaka vizuri kifundo kikiwa mwisho kabisa. Nilipokizungusha kurudi nyuma, mwanga haukupungua polepole kama nilivyotarajia, bali ulianza kupepesa haraka haraka, na shingoni mwa globu ukasikika mlio mwembamba mfano wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kabla kifundo hakijafika nusu, taa ilizimika. Kwa mtu mwenye jicho linalouma, taa inayopepesa ni mateso makubwa kuliko taa kali, na siku ile tulirudia tochi.

Nilikuwa tayari kumlaumu fundi, lakini alifanya jambo lililonifungua macho. Alitoa mkobani globu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani inayotoa mwanga wa njano, akaiweka kwenye holda ile ile bila kugusa kitu kingine chochote. Mwanga ukashuka taratibu hadi uzi ukabaki mwekundu kama kaa linalokaribia kuzimika, bila kupepesa wala kulia. Dima ilikuwa nzima, wala kazi yake haikuwa na kasoro. Vitu viwili visivyoelewana ndivyo vilivyokuwa vimefungwa pamoja.

Alinieleza sababu, nami naiweka hapa kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Umeme wetu wa volti 230 huja kwa mawimbi, mizunguko 50 kila sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili. Dima huikata kila nusu na kuruhusu sehemu yake tu kupita, ambayo ni sawa na kukata na kuunga mara 100 kwa sekunde. Globu ya uzi haisumbuki na jambo hilo, kwa sababu uzi ukishapata moto haupoi katika muda mfupi kiasi hicho. Globu ya LED, kinyume chake, ina saketi ndogo iliyofichwa shingoni, na kama saketi hiyo haikutengenezwa kupokea umeme uliokatwakatwa, huyumba. Zaidi ya hayo, dima ya kiwango cha wati 40 na kuendelea haitulii inapopewa mzigo wa wati 9.

Kwa hiyo nilianza upya. Safari hii nilinunua dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, inayokubali mzigo kuanzia wati 5, kwa shilingi 35,000. Globu ndiyo iliyonitaabisha, kwani maduka niliyozunguka hapa Tanga yalikuwa na LED za kila rangi, lakini zenye neno «dimmable», yaani zinazokubali kupunguzwa mwanga kwa dima, kwenye kiboksi sikuziona. Ndugu yangu aliipata Kariakoo kwa shilingi 12,000 akaituma kwa basi, na ilipofika ikawa ni ya skrubu ilhali holda yetu ni ya pini mbili, ikabidi holda nayo ibadilishwe. Anayetaka kuweka dima, ushauri wangu ni aanze kuitafuta globu, na dima iwe ya pili.

Siku ya kufunga kwa mara ya pili tuligundua jambo zito zaidi. Fundi aliifungua holda ya zamani swichi ikiwa imezimwa, akaigusisha testa, na taa ya testa ikawaka. Maana yake, mtu aliyeiwiria nyumba hii miaka iliyopita aliipitisha nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya laivu, waya unaoleta umeme, hivyo tulipokuwa tukizima taa, globu ilizimika kweli, lakini umeme ulibaki juu kwenye holda ukimsubiri atakayepanda kiti kubadilisha globu. Nimebadilisha globu za chumba hicho kwa mikono yangu mara nyingi, na mwanangu pia, kila mara tukiamini kwamba kuzima swichi kunatosha. Fundi alizima mein swichi, akahakikisha tena kwa testa kwamba hakuna umeme, akazirekebisha waya hizo kabla ya kuendelea. Kwa ajili ya jambo hili moja nasisitiza kwamba kazi hii, japokuwa inaonekana ni ya skrubu mbili na waya mbili, afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na aikague saketi nzima ya taa ile kabla ya kufunga chochote.

Kikwazo kingine kilikuwa ukutani. Mgongo wa dima ni mnene kuliko wa swichi ya kawaida, na boksi la chuma lililozamishwa ukutani kwetu lilikuwa la milimita 16 tu, wakati dima hii inahitaji angalau milimita 25. Kulazimisha ni kuzibana waya hadi zichubuke, na dima hupata joto inapofanya kazi, hivyo inahitaji nafasi ya kupumua. Tulichimba, tukaweka boksi la kina cha milimita 35, tukaziba kwa saruji. Boksi la zamani lilitoka limeliwa na kutu upande mmoja, na skrubu zake zilivunjika zilipoguswa na bisibisi. Hewa yetu ya bahari haisamehi chuma. Ufundi, pamoja na kuchimba na kuziba, ulinigharimu shilingi 25,000.

Baada ya hapo yalibaki marekebisho. Ukikivua kifundo cha dima hii unaona pembeni skrubu ndogo ya kupangia kiwango cha chini kabisa cha mwanga. Fundi alimwomba mama alale kitandani kama kawaida yake, kisha akawa anaizungusha skrubu hiyo kidogo kidogo huku akimuuliza, «Bibi, hapa vipi? Unauona mlango?» Mama akajibu, «Punguza tena, mwanangu,» kisha, «Ee, hapo hapo, usiiguse tena.» Mwanga uliobaki ulikuwa wa kutosha kuona kandambili sakafuni na bakora iliyoegemezwa ukutani, na haukumfanya mama afumbe macho. Usiku ule alikwenda msalani peke yake.

Katika miezi hii nimeona kasoro mbili. Umeme ukikatika na kurudi wakati kifundo kiko chini kabisa, mara nyingine globu haiwaki mpaka mtu akizungushe kuongeza mwanga, ndipo iwake na kurudishwa chini. Mama ameshazoea, lakini mgeni angedhani imeungua. Pia usiku wa manane, nyumba ikiwa kimya kabisa, ukisogeza sikio karibu na ukuta unasikia mvumo hafifu. Mama hausikii, na mimi haunisumbui.

Wapo wanaoniuliza kama matumizi ya yuniti za LUKU, yaani umeme tunaoulipia kabla, yamepungua. Globu ya wati 9 ikiwaka saa kumi nzima kwa mwanga wake wote hutumia 0.09 ya yuniti moja, kwa hiyo hata ukiipunguza hadi nusu hutaona tofauti ya maana, na anayeuza dima kwa ahadi ya kuokoa umeme katika nyumba yenye LED hamtendei mnunuzi haki. Wengine huuliza kama inaweza kuendesha feni. Haiwezi, feni ina mota na inataka regulata yake, na regulata nayo isifungwe kwenye taa.

Chumbani kwangu nimeshaweka dima ya pili ya aina ile ile, na haikunipa taabu kwa kuwa globu niliagiza mapema. Ukumbini taa moja inawashwa kwa swichi mbili, moja kila upande, na kwa utaratibu huo dima hukaa upande mmoja tu huku wa pili ukibaki na swichi ya kawaida. Nimeahirisha mpaka nitakapokuwa tayari kuchimba ukuta tena. Jikoni sitaweka, kwa sababu anayechambua mchele anataka mwanga wote.