AeroScout S 2 ikiwa ndege ya kwanza ya rimoti: uzoefu wangu

Anayeanza kurusha ndege ya umeme bila mwalimu wa kusimama pembeni yake anunue ndege ya foamu yenye mota nyuma ya bawa, upana wa mabawa kati ya mita 1.1 na 1.4, chaneli nne, na jairo (kifaa kinachohisi mwelekeo na kuituliza ndege) inayoweza kuzimwa. AeroScout S 2 ya HobbyZone (kampuni mama ni Horizon Hobby ya Marekani) ina vyote hivyo: mabawa ya mita 1.1, betri ya 3S (seli tatu) 2200 mAh, magurudumu matatu na la mbele likikata kona. Nimeitumia vya kutosha kuipendekeza, na nitaeleza sababu, mahali inapodai uangalifu, na nani anunue nyingine.

Mota kuwa nyuma ndiyo sifa inayookoa pesa nyingi. Mwanafunzi huangusha ndege kwa pua, karibu kila mara. Kwenye ndege yenye propela puani, pigo hilo huvunja propela, hupinda shafti ya mota na hung'oa kishikio chake. Propela ikiwa juu, nyuma ya bawa, kinachogonga ardhi ni foamu tupu, na foamu hutengenezeka. Ila muundo huu una tabia yake. Kwa kuwa msukumo unatoka juu ya mwili wa ndege, ukiongeza mota ghafla pua huinama, na ukiikata ghafla pua huinuka. Hilo si kasoro. Sogeza stiki ya mota polepole, kwa muda wa sekunde mbili hivi kutoka chini hadi juu, na tatizo halitaonekana.

Chaneli nne maana yake ni mota, eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua), usukani wa mkia na eleroni (vipande vya mabawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto). Wapo wanaoanza na ndege isiyo na eleroni, kama EasyStar ya kwanza ya Multiplex ya Ujerumani iliyogeuka kwa usukani wa mkia peke yake, na zimefundisha watu wengi vizuri sana. Mabawa yake yamekunjwa juu kidogo mfano wa V, kwa hiyo hujinyoosha zenyewe. Mimi napendelea eleroni tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkono wa kulia huzoea kazi utakayoifanya kwenye kila ndege itakayofuata.

Kuhusu jairo, mfumo wake unaitwa SAFE na una hali tatu zinazochaguliwa kwa swichi. Ya kwanza inazuia ndege isilale wala kuinuka kupita kiasi, na ukiachia stiki inajinyoosha. Ya pili inazuia kupinduka tu, haijinyooshi. Ya tatu inakuachia kila kitu. Kipo pia kitufe cha dharura: ukikishikilia, ndege inarudi sawa, kisha wewe unatulia na kuendelea. Vinafanya kazi vizuri kweli.

Ushauri wangu, na hapa wengi hukosea: usikae kwenye hali ya kwanza zaidi ya betri tatu au nne. Pale, ili ndege iendelee kukata kona, inabidi ushikilie eleroni muda wote, maana ukiachia inanyooka. Urushaji wa kweli ni kinyume: unalaza bawa kwa eleroni, unarudisha stiki katikati, unavuta eleveta kidogo kushikilia kimo, kisha unanyoosha kwa eleroni ya upande wa pili. Aliyekaa miezi sita kwenye hali ya kwanza atalazimika kusahau alichojifunza. Hamia ya pili mapema, ukiwa na kimo cha mita 40 au 50, na kidole karibu na kitufe cha dharura.

Jairo inahitaji kuwashwa kwa utaratibu. Washa rimoti kwanza, stiki ya mota ikiwa chini kabisa. Weka ndege chini, mahali tambarare, chomeka betri, ondoa mikono, subiri mpaka vipande vya bawa na mkia vitikisike vyenyewe kuonyesha iko tayari. Ukiichomeka ukiwa umeibeba kwapani au upepo ukiitikisa, jairo hupima "usawa" wa uongo, na ndege itavuta upande mmoja angani. Kisha jaribu mambo mawili ukiwa umesimama nyuma yake. Stiki kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Stiki ya eleveta kuja kwako: kipande cha mkia kipande. Halafu, ukiwa kwenye hali ya kwanza, inua ndege kwa mkono na uilaze upande wa kulia: eleroni ya kulia ishuke kuipinga. Ikipanda, usirushe. Ndege yenye jairo iliyogeuzwa hupinduka ndani ya sekunde moja baada ya kuacha ardhi, na hakuna mkono unaoiwahi.

Mizani nayo isipuuzwe. Kitabu cha ndege kinataja umbali wa kitovu cha uzito kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Kwa bawa la kawaida huwa kati ya asilimia 25 na 33 ya kina chake (kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma), yaani sm 5 hadi 6.6 kama kina ni sm 20. Chora alama chini ya mabawa yote mawili, inyanyue ndege kwa ncha za vidole ikiwa na betri ndani, na sogeza betri mpaka itulie pua ikiwa chini kidogo. Pua ikizidi uzito, ndege inakuwa mvivu na inatua kwa kasi. Mkia ukizidi, pua inapanda yenyewe, mabawa yanaacha kubeba, na ndege inaanguka karibu na pale ilipoanzia.

Sasa betri, kwa kuwa hapa ndipo Afrika Mashariki tunapopata tabu. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu haziruhusiwi kusafirishwa peke yake kama mzigo kwenye ndege za abiria, na ndiyo maana maduka mengi ya nje yanakutumia ndege lakini yanakataa betri. Msafiri anaweza kuzibeba kwenye begi la mkononi, si la kukabidhi, kila moja ikiwa chini ya wati-saa 100. Hesabu ni rahisi: volti 11.1 mara amperi-saa 2.2 (yaani 2200 mAh) ni wati-saa 24.4. Ziba vichwa vyake kwa tepu na kila betri iwe kwenye mfuko wake. Kwa hiyo 3S 2200 mAh ni ukubwa mzuri wa kuchagua: unatumika kwenye ndege nyingi, na kuipata si kazi kama zile za ukubwa wa pekee. Angalia tu kichwa cha waya. IC3 na EC3 huingiliana, XT60 haiingiliani nazo bila kiunganishi. Kabla ya kulipia, soma pia kasha linasemaje: toleo la Basic halina betri wala chaja.

Nunua betri tatu na chaja inayosawazisha seli. Chaji kwa amperi 2.2, juu ya sakafu ya saruji, ukiwa chumba hicho hicho. Seli iliyojaa ni volti 4.2, ya kuhifadhiwa zaidi ya siku mbili iwe karibu 3.8. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Na usiache ndege wala betri kwenye gari lililofungwa juani Dar au Mombasa, kwa sababu foamu inatoa malengelenge na betri inazeeka kwa wiki chache.

Muda wa kuruka usiukisie. Ruka dakika 5, chaji, soma chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha 1,100 mAh, unatumia 220 kwa dakika, na asilimia 80 ya betri (1,760) itaisha dakika ya 8. Weka kengele ya rimoti dakika ya 7. Ukisubiri mota ianze kukatakata, umeshachelewa: hiyo ni dalili ya kidhibiti kasi kulinda betri, na umebaki na nguvu ya kurudi tu.

Mahali na saa ni nusu ya kazi. Tafuta uwanja wenye urefu wa mita 150 usio na nyaya za umeme wala watoto wanaocheza. Pwani, ruka kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi kabla upepo wa baharini haujaamka. Ndege ya mita 1.1 mikononi mwa mwanafunzi isikutane na upepo unaozidi kilomita 10 kwa saa, na msimu wa kusi asubuhi hizo ni chache. Nairobi upepo una nafuu, lakini uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo ndege inatua kwa kasi iliyozidi ya pwani kwa karibu asilimia 9. Ongeza nafasi ya kutua. Hewa hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukataa ndege nzito. Kabla ya kuagiza, ulizia pia kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, kwani ndege hizi zinaweza kuhesabiwa pamoja na droni.

Jaribu masafa kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza: hatua 30 ukiwa kwenye hali ya majaribio ya rimoti, kila kipande kitii. Ruka kuelekea upepo, panda taratibu mpaka kimo cha jengo la ghorofa kumi, na usivuke mipaka ya uwanja. Ndege ikija kwako kulia na kushoto hugeuka. Kanuni inayosaidia ni kusukuma stiki upande wa bawa lililoshuka, kama unaliwekea nguzo. Izoee kwanza kwenye kompyuta au simu, kwa programu ya kuigiza urushaji. RealFlight ni ya kulipia, PicaSim ni ya bure na inatosha. Saa kumi za huko zinaokoa foamu nyingi.

Nani asiinunue? Mwenye mwalimu na uwanja mpana atafurahia zaidi Apprentice STS ya mita 1.5, betri ya 3200 mAh. Inaonekana vizuri kwa mbali na inastahimili upepo zaidi, ila mota iko mbele. Anayependa kuunda kwa mkono aangalie EasyStar ya sasa na ainunulie rimoti yake mwenyewe. Lakini kwa yeyote anayeanza, nasema hapana kwa mifano ya ndege za kivita kama Spitfire na Mustang, hata zile zenye jairo: bawa limechongoka kuelekea ncha, ndege ni nzito kwa eneo lake, na ukipunguza mwendo kwenye kona ya kutua, ncha moja huacha kubeba kabla ya nyingine. Nasema hapana pia kwa vindege vya sm 40 vyenye mota mbili bila eleveta, kwa kuwa havikufundishi chochote cha kuhamishia kwenye ndege nyingine.

Pamoja na ndege, agiza propela mbili za ziada, supagluu ya wastani na mkanda wenye nyuzi. Pua iliyobonyea ya foamu ya EPO imwagie maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kadhaa, baada ya kutoa betri na vifaa vya umeme. Chembe zinavimba na umbo linarudi karibu lote. Ufa unaunganishwa siku hiyo hiyo. Propela yenye mkato hata mdogo itupwe, maana mtikisiko wake unalegeza skrubu za mota na kuisumbua jairo.