Mafunzo ya Waongoza Wagonjwa wa Saratani: Mafundisho Mazuri, Usimamizi Mfupi

Nimemaliza mafunzo ya mtandaoni ya wiki nane yanayowaandaa watu wa kuwaongoza wagonjwa wa saratani katika matibabu, nikapitia na wiki sita za usimamizi zilizofuata, na sasa nina miezi minne nikiifanya kazi yenyewe kliniki. Nilisubiri makusudi kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu mafunzo ya namna hii hayapimwi kwa cheti, bali kwa kile kinachobaki kichwani pale mgonjwa anapotoka chumba cha daktari, karatasi tatu mkononi, na kukuuliza, "Sasa niende wapi?"

Kwa asiyeifahamu kazi hii, mwongoza wagonjwa si daktari, wala si muuguzi wa kutoa dawa. Ni mtu anayemfuatilia mgonjwa tangu siku dalili ilipotiliwa shaka hadi tiba inapokamilika, akiondoa kikwazo kimoja baada ya kingine: barua ya rufaa iliyokosewa, majibu ya maabara yasiyofika, nauli, mtoto asiye na wa kumwangalia siku ya dripu, hofu ya kukatwa titi. Somo la kwanza lilitupeleka Harlem, New York, ambako daktari wa upasuaji Harold Freeman alianzisha mpango wa kwanza wa aina hii mwaka 1990. Kati ya wanawake 606 waliotibiwa saratani ya matiti katika hospitali ya hapo kwa miaka 22 iliyoishia 1986, karibu nusu walifika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, ambazo ndizo za mwisho za ugonjwa, na asilimia 39 tu ndio waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa waliotibiwa kati ya 1995 na 2000, waliofikisha miaka mitano walikuwa asilimia 70. Nilimheshimu mwalimu wetu, muuguzi aliyetumikia wodi za saratani kwa miaka mingi, kwa kutozipamba takwimu hizo. Alitukumbusha kwamba hospitali ile ilikuwa pia imefungua uchunguzi wa matiti wa bure au wa gharama ndogo, kwa hiyo sifa haiwezi kuwa ya waongozaji peke yao; ila, akaongeza, uchunguzi hauna faida kwa mwanamke aliyekutwa na uvimbe kisha akapotea kabla ya kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara.

Neno hilo, kupotea, ndilo lililotawala wiki ya tatu na ya nne, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye thamani kubwa ya mafunzo haya. Tulipewa daftari la mfano lenye wagonjwa kumi na wawili wa kubuni, kila mmoja akiwa na safu ya tarehe: siku alipofika na dalili, siku alipochukuliwa kinyama, siku majibu yalipotoka, siku alipoelezwa majibu hayo, na siku tiba ilipoanza. Tulitakiwa kusema ni nani amepotea. Wengi wetu tulimtaja mgonjwa wa tano, aliyekosa miadi miwili, kwa kuwa jina lake lilizungushiwa wino mwekundu. Mwalimu akatuonyesha mgonjwa wa tisa, ambaye hakuwa na alama yoyote. Majibu yake yalikuwa yametoka siku 41 zilizopita na safu iliyofuata ilikuwa tupu, kwa sababu tarakimu moja ya namba yake ya simu ilikosewa mapokezi na kila mtu aliamini kuwa mwenzake amekwisha kumpata. Tangu siku hiyo sisomi daftari langu kwa kutazama yaliyoandikwa; ninatafuta nafasi zilizo wazi.

Zoezi hilo liliunganishwa vizuri na lengo la Shirika la Afya Duniani, ambalo katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021 linataka uchunguzi wa kuthibitisha ugonjwa ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba waliyopangiwa. Ukiwa na daftari mkononi, siku 60 unazihesabu kwa jina la mtu. Unaona kwamba 14 zilikwenda kusubiri barua, 20 zikaenda kusubiri majibu, na kwamba kuna mahali ambapo simu moja ingeokoa wiki nzima.

Wiki ya tano ilikuwa ya mazoezi ya simu, na kipindi kimoja bado ninakisikia masikioni. Mwalimu aliigiza mgonjwa aliye katika siku ya kumi baada ya dripu ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anajisikia homa kidogo lakini si ya kutisha. Mwenzetu mmoja, mtu mwema sana, akamjibu, "Pole mama, kunywa panadol upumzike, kesho nitakupigia." Mwalimu akasimamisha zoezi. Alitueleza kwamba katika siku hizo ndipo chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa zimeshuka mno, kwamba joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa wa namna hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa ileile, na kwamba panadol inaweza kuificha homa huku maambukizi yakisambaa kwenye damu. Kisha akarudi kwenye mpaka wa kazi yetu: mwongozaji hapimi, hatibu wala hashauri dawa, bali anajua ni dalili zipi zisizosubiri, anaijua namba ya wodi bila kuitafuta, na hakati simu mpaka ahakikishe mgonjwa ana namna ya kufika. Mpaka huo ulifundishwa kwa upole na kwa msimamo, tofauti na mafunzo mengine niliyopitia ambako tuliambiwa tu "usivuke mipaka yako" bila kuonyeshwa mipaka yenyewe iko wapi.

Nitataja pia jambo dogo ambalo ninalitumia kila siku. Tulifundishwa tusimuulize mgonjwa kama ameelewa, kwa kuwa atasema ndiyo kwa heshima au kwa woga. Tunamwuliza, "Mama, ukifika nyumbani wakakuuliza daktari amesema nini, utawaambiaje?" Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinijibu kwamba daktari amesema mionzi itamwunguza ndani hivyo asimguse mjukuu wake. Hakuna aliyemwambia hivyo; alikuwa ameunganisha mwenyewe alichosikia na alichoogopa. Kwa kuwa tiba yake ilikuwa ya mashine inayopiga mionzi kutoka nje ya mwili, ambayo haimwachii mgonjwa mionzi ya kumdhuru mtu mwingine, nilimrudisha kwa mtaalamu wa mionzi akaelezwa upya, na akaondoka akicheka kwa afueni.

Masomo ya lishe, ya aina za saratani na ya haki za mgonjwa yanatosha, ingawa yamejaa slaidi na ungeweza kuyasoma mwenyewe kwa jioni moja. Somo la malipo halipo kabisa, na hilo ni pengo. Nchini Marekani bima ya umma ya Medicare ilianza Januari 2024 kulipia huduma za kuwaongoza wagonjwa wa maradhi mazito kama saratani, jambo linaloonyesha kwamba kazi hii inaweza kutambuliwa na kulipwa. Mafunzo yanayomtoa mtu kazini kwa wiki nane yangepaswa kumwonyesha jinsi ya kudai nafasi yake katika taasisi, badala ya kumwacha aingie kama mtu wa kujitolea asiye na meza wala simu.

Lakini upungufu unaoniuma zaidi ni wa usimamizi baada ya darasa. Katika wiki sita za mwanzo tulikutana kwa simu mara moja kwa wiki, kila mtu akileta mgonjwa mmoja aliyemshinda, na mwalimu alitusikiliza kwa makini yaleyale aliyotufundisha kuwapa wagonjwa. Somo la kujitunza sisi wenyewe lilikuwa la saa moja tu, siku ya mwisho, na lilikuwa la ushauri wa kulala vya kutosha na kuongea na marafiki. Wiki ya saba, usimamizi ukiwa umekwisha, nilifiwa na mgonjwa wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemfuatilia tangu barua ya rufaa, ninajua majina ya watoto wake na zamu zao za kulala hospitali. Niliandika kwenye kundi letu usiku ule na nikakuta limefungwa. Hapakuwa na uzembe wa mtu. Muda uliopangwa ulikuwa umekwisha. Hata hivyo muda huo ulipangwa kana kwamba kazi hii huwa nzito mwanzoni kisha ikawa nyepesi, ilhali saratani huwaondoa watu polepole, na vifo vya wale unaowafuatilia huanza pale hasa msimamizi anapoaga.

Ninayapa mafunzo haya nyota nne kati ya tano, na ninampendekezea kila anayeanza kazi hii ayachukue, hasa asiye na msingi wa uuguzi. Kwa mkuu wa kitengo anayetaka kuwapeleka watu wake, ningemwomba kwanza ateue mtu wa kuwasimamia kwa mwaka mzima baada ya kurudi, na atenge saa ya kazi kwa ajili hiyo. Tulimaliza wanane, sita bado tupo kazini, na kila Alhamisi jioni tunapigiana simu wenyewe, tukiwataja wagonjwa kwa namba za daftari. Tumewaandikia waandaaji kuwaomba mwalimu wetu ajiunge nasi walau mara moja kwa mwezi, na tunasubiri majibu.