Kamera ndogo ya kununua: sita ninazozipendekeza, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Ukitaka kamera ndogo ya kidijitali kwa ajili ya kupiga picha kama burudani, anza kwa kuangalia simu yako inakushindia wapi. Picha za usiku zinatoka majani na nywele vikiwa vimevurugika kama rangi iliyomwagikiwa maji? Ndege aliye juu ya mti anakuwa doa tu? Au picha unapata, ila raha ya kupiga huipati? Kila jibu lina kamera yake. Anayenunua bila kujiuliza hayo hurudi kwenye simu upesi, na kamera inabaki kabatini.

Jambo la kwanza la kukagua ni ukubwa wa kihisi, ile sehemu iliyo nyuma ya lenzi inayopokea mwanga. Megapikseli zisikubabaishe. Kihisi cha inchi 1/2.3, kinachotumika kwenye kamera nyingi za bei nafuu, kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kama mara nne. Kikubwa zaidi, kiitwacho APS-C, kina milimita 23.5 kwa 15.6, na eneo lake ni kama mara tatu ya cha inchi 1. Kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo mwanga mwingi unavyoingia, chengachenga zinavyopungua, na rangi zinavyobaki hai gizani.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawapendi kuligusa. Simu za bei ya juu zimeikaribia inchi 1, na baadhi zimeifikia kabisa, tena programu zake huunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo kamera ya 1/2.3 haitaishinda simu nzuri kwenye picha ya kawaida. Itaishinda kwa kuvuta vitu vya mbali, au kwa kuingia majini. Ya inchi 1 inaishinda kwa zumu halisi ya lenzi. Ya APS-C inaishinda waziwazi, hata kwa jicho la mtu asiyejua kamera.

La pili ni uwazi wa lenzi, ile namba ya f. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi: lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga kama mara nne ya ile ya f/3.5. Kwenye lenzi ya zumu zipo namba mbili. Isome ya pili kwa makini, maana ndiyo utakayobaki nayo ukishavuta hadi mwisho.

Ya kwanza: Ricoh GR

Naiweka juu bila kusita. GR III ilitoka 2019, ikafuatiwa na GR IIIx mwaka 2021, kisha GR IV mwaka 2025. Zote zina kihisi cha APS-C ndani ya mwili unaoingia mfuko wa suruali. GR III ina gramu 257 tu pamoja na betri na kadi. Lenzi yake haivuti. GR III na GR IV zina upana sawa na milimita 28 (kipimo cha kulinganisha na kamera za filamu ya milimita 35: namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta mbali), unaofaa mtaani na kwenye mandhari. GR IIIx ina milimita 40, na hiyo ndiyo ningemchagulia mtu anayependa kupiga watu.

Kinachonifanya niipende ni namna inavyofanya kazi mkononi. Unaweza kuiwekea umbali wa fokasi mapema. Chukua ya milimita 28, weka f/8, weka umbali wa mita 2.5: karibu kila kitu kuanzia mita moja na kidogo mbele yako hadi upeo wa macho kitatoka kikali vya kutosha. Bonyeza kitufe hadi chini kwa mpigo mmoja, nayo inapiga papo hapo, haihangaiki kutafuta fokasi. Mtoto anayeruka dimbwi hakusubiri, na kamera hii haimpotezi. Kwa anayetaka kujifunza kuona picha kabla ya kuipiga, sijui mwalimu bora zaidi.

Kasoro zake ni za kweli. Haina kijidirisha cha kuchungulia, wala GR III haina flashi yake yenyewe. Betri ya GR III inakadiriwa kutoa picha 200 hivi, kwa hiyo ya akiba ni lazima. Tena haina kinga ya mvua wala vumbi, na vumbi likishaingia kwenye kihisi, kulitoa ni kazi ya fundi.

Ya pili: Fujifilm X100VI

Ilitangazwa Februari 2024 na ikagombaniwa tangu siku hiyo. Ina APS-C ya megapikseli 40, lenzi ya f/2 yenye upana sawa na milimita 35, kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili, na kijidirisha cha kuchungulia cha aina mbili: unaweza kuona dunia yenyewe kupitia kioo, au kugeuza swichi uone picha ya kielektroniki. Ukitazama kwa kioo unaona pia yaliyo nje ya fremu, hivyo unamwona mtu kabla hajaingia kwenye picha. Kasi ya kupiga, uwazi na ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) vyote vina magurudumu yake. Unajua umeweka nini hata kamera ikiwa imezimwa.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Ina gramu 521. Hiyo ni ya kuvaa begani, si ya mfukoni, na hapa tunazungumzia kamera ndogo. Lakini kama roho yako inataka kuchungulia kwa jicho, usiisikilize orodha yangu, nunua hii.

Ya tatu: Sony RX100 VII

Hii ni ya 2019 na bado sijaona kamera ya mfukoni inayoifikia kwa kuwa na kila kitu. Kihisi ni cha inchi 1, lenzi inatoka milimita 24 hadi 200, na kijidirisha kinachochomoza kwa kubonyeza, vyote ndani ya gramu 302. Fokasi yake inashika jicho la mtu au la mnyama na kutoliachia. Inafaa msafiri anayetaka kubeba kamera moja tu. Ila ukivuta hadi mwisho unabaki na f/4.5, kwa hiyo ukumbini au jioni itakubana.

Ya nne: Canon PowerShot G7 X Mark III

Kihisi ni cha inchi 1 vilevile, na zumu ni fupi zaidi, milimita 24 hadi 100, lakini lenzi ni f/1.8 hadi f/2.8, na hapo inaizidi Sony usiku. Skrini inageuka kukutazama, na kuna tundu la maikrofoni. Wanaorekodi video wataipenda. Kijidirisha haina.

Ya tano: OM System Tough TG-7

Kwa picha za kawaida, simu yako huenda ikaipita. Lakini hii inazama mita 15 bila kasha, inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1, na inapiga kitu kilicho sentimita moja mbele ya lenzi. Mpenda wadudu, maua au matumbawe asihangaike na nyingine. Ikitoka baharini ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufungua kifuniko cha betri.

Ya sita: Panasonic TZ99

Zumu ni mara 30, milimita 24 hadi 720. Kihisi ni cha 1/2.3 na lenzi inaishia f/6.4, kwa hiyo ni kamera ya jua kali. Inunue kwa ajili ya ndege na wanyama wa mbali mchana, basi.

Ziepuke kabisa zile kamera zisizo na jina zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 64 na "zumu ya mara 16". Nyingi zina kihisi kidogo sana; picha inakuzwa na programu, na hiyo zumu ni kukata katikati ya picha tu. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi. Canon niliyoitaja imeandikwa milimita 8.8 hadi 36.8 (hizi ni milimita halisi za lenzi, si zile 24 hadi 100 za kulinganisha), ukigawanya unapata zumu ya zaidi ya mara nne, nayo ni ya kweli. Ukikuta namba moja tu ya milimita huku tangazo likidai zumu ya mara 16, achana nayo.

Ukinunua iliyotumika, iwashe na kuizima mara kadhaa huku umeitegea sikio: lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kusita. Kisha weka namba ya f ya juu kabisa inayokubali, kama f/16, piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, uikuze kwenye skrini kona hadi kona. Ukiona madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha, ujue vumbi limeshaingia ndani. Punguziwa bei kwa gharama ya fundi, au irudishe.