Uzoefu wangu na mkandarasi wa nyumba, Mbeya: mafundi wazuri, usimamizi sifuri

Jina la kampuni nalihifadhi. Naandika kwa ajili ya mtu wa Mbeya au Iringa anayefikiria kumkabidhi mkandarasi kila kitu, vifaa pamoja na ufundi, kwa sababu yeye mwenyewe yuko kazini asubuhi mpaka jioni.

Kiwanja kiko Isyesye. Tuliandikishana Mei: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, na nyumba iwe imepauliwa kabla ya mvua za Novemba. Kwa huku kwetu hiyo ndiyo hesabu yenyewe ya ujenzi, maana mvua ikishaanza ni mpaka Aprili, na mtaani kwetu njia ikilowa lori la kokoto halifiki saiti. Krismasi ilinikuta kuta ziko wazi, zimefunikwa nailoni.

Mafundi siwaonei. Kuta zimenyooka, kona ziko sawa. Shida ilikuwa ofisini. Siku moja nilipita saiti nikakuta mafundi na vibarua wamekaa juu ya tofali wanapiga soga. Nondo zimekatwa, ringi zimekunjwa, kila kitu tayari. Nikamuuliza fundi mkuu, mzee mmoja mtaratibu sana, kulikoni.

"Mwalimu, tunasubiri waya."

Waya wa kufungia nondo! Kitu kinachouzwa kwa kilo pale Mwanjelwa, unapanda nacho daladala. Msimamizi alikuwa ameahidi kuuleta tangu asubuhi, na simu hapokei. Kesho yake nusu ya watu hawakurudi. Walikuwa wamepelekwa Mbalizi, ambako mkandarasi huyohuyo alikuwa na jengo jingine.

Hapo nikaanza kuelewa mchezo. Malipo yetu yalikuwa ya kutanguliza kila hatua, na saiti zake zilikuwa zinalishana: hela yangu ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) inasukuma kazi ya mwenzangu, mwenzangu akilipa ndiyo nondo zangu zinakuja. Saidia fundi ndio walioninong'oneza, na mkandarasi alipobanwa hakukataa.

Saruji ndiyo ilinikera zaidi. Kiwanda kiko hapo Songwe tu, lakini naambiwa imekwama njiani. Ilipokuja ikaja yote kwa mpigo, kazi ikiwa imesimama, ikapangwa sakafuni bila hata mbao chini. Kwa unyevu wa Mbeya mifuko ya chini iliganda, ukiipiga teke inalia kama jiwe. Wakataka kuiponda, waichekeche, waitumie hivyohivyo. Nilikataa.

Kisha lenta yenyewe. Kokoto ziliisha katikati ya kumwaga, zege likaishia juu ya dirisha la sebule. Ukilazimika kusimama, unasimamia penye ukuta, siyo penye uwazi. Nililipa injinia aje aangalie; akaagiza kipande kile kivunjwe kurudi mpaka ukutani, zege la zamani likwaruzwe na kuoshwa, ndipo limwagwe jipya. Gharama ya kurudia waliibeba wao, baada ya maneno mengi.

Kuna atakayeuliza kama nilihakiki usajili. Nilihakiki. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inawapanga makandarasi wa majengo kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na huyu yumo. Lakini usajili haukwambii ana saiti ngapi kwa wakati mmoja na mafundi wake wanatosha ngapi kati ya hizo. Hilo muulize mwenyewe, halafu nenda ukazione hizo saiti siku ya kazi.

Januari tulikaa upya na kubadilisha mkataba. Vifaa nikawa nalipa mwenyewe moja kwa moja dukani, yeye anabaki na ufundi, na analipwa hatua ikikamilika na kukaguliwa. Ajabu ni jinsi mambo yalivyobadilika! Mbao za paini zilikuja kutoka Mafinga zikiwa zimeshatiwa dawa, na bati zikapanda mwezi Machi, mafundi wakivizia saa chache za jua kila asubuhi. Bila shaka mvua ilitupunguza kasi, lakini angalau watu hawakukaa tena kusubiri waya.

Nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote ni za mafundi. Uzio nitajenga na yule mzee. Tumeshaelewana bei, na vifaa nitanunua mwenyewe.